Udogo Hauonekani Pichani: Kupiga Picha ya Gari la Zamani kwa Ajili ya Somo

UTANGULIZI

Miongoni mwa zana za kufundishia zilizo rahisi kupatikana, picha ndiyo inayoaminiwa zaidi na watoto, na pengine ndiyo inayochunguzwa kidogo zaidi na walimu. Mwalimu anayechora ubaoni hujua kwamba mchoro wake una mapungufu, naye huwatahadharisha wanafunzi mapema. Mwalimu anayeinua picha iliyopigwa kwa kamera hatoi tahadhari yoyote. Hudhani kwamba kamera imeona kila kitu kama kilivyo, na kwamba kazi yake yeye ni kuonyesha tu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Kuna jambo moja kubwa ambalo kamera haiwezi kulionyesha isipokuwa imesaidiwa, nalo ni ukubwa wa kitu. Katika picha, nzi anaweza kulingana na njiwa, na kilima kikalingana na kichuguu. Mtoto aliyekwisha kumwona nzi hatadanganyika, kwa kuwa ana kipimo chake kichwani. Lakini mtoto anayeonyeshwa kitu ambacho hajapata kukiona hana kipimo hicho. Atajipatia ukubwa wowote ule, na ataondoka darasani akiamini kwamba amefundishwa.

Ili jambo hili lieleweke vizuri, tutachukua mfano mmoja na kuufuata toka mwanzo hadi mwisho: kupiga picha ya gari dogo la zamani lililowekwa katika makumbusho ya magari, kisha kuitumia picha hiyo darasani. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu jambo la kwanza ambalo mtoto anapaswa kulijua juu ya gari hilo ni udogo wake, na udogo huo ndio unaopotea upesi kuliko mengine yote mara kamera inapofyatuliwa.

GARI LENYEWE

Mwalimu asipige picha ya kitu asichokifahamu. Kwa hiyo tuanze na gari.

Gari tunalolizungumzia ni Austin 7, lililoanza kutengenezwa mwaka 1922 katika kiwanda cha Longbridge, karibu na mji wa Birmingham, Uingereza. Mwenye kiwanda, Herbert Austin, alikuwa katika hali ngumu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni yake ilikuwa ikitengeneza magari makubwa ambayo watu wachache tu waliweza kuyanunua, na mwaka 1921 mambo yake ya fedha yaliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria. Wakurugenzi wenzake hawakupenda wazo la gari dogo. Austin alilifanyia kazi nyumbani kwake, akisaidiwa na mchora ramani kijana wa miaka 18 aitwaye Stanley Edge.

Kwa nini gari dogo? Zipo sababu mbili ambazo mwanafunzi wa darasa la juu anaweza kuzifahamu. Ya kwanza ni kwamba familia nyingi za kipato cha kadiri zilikuwa zikisafiri kwa pikipiki yenye kigari cha pembeni, wakinyeshewa na mvua. Austin alitaka kuwapa watu hao gari halisi la magurudumu manne litakaloingia mahali pale pale palipowekwa pikipiki. Ya pili ni kodi. Toka mwaka 1921 mwenye gari Uingereza alilipa kodi ya pauni moja kwa kila nguvu moja ya farasi. Nguvu hiyo haikupimwa kwa kuliendesha gari, bali ilipatikana kwa hesabu: kipenyo cha silinda kwa inchi kilizidishwa kwa chenyewe, kikazidishwa kwa idadi ya silinda, kisha jibu likagawanywa kwa 2.5. Ford T ya Marekani, yenye silinda nne pana, ilihesabiwa kuwa na nguvu zaidi ya 22. Austin iliyotoka mwaka 1923, yenye silinda nne za kipenyo cha inchi 2.2, ilipata chini kidogo ya 8. Jina la gari, yaani Saba, latokana na hesabu ya namna hiyo.

Vipimo vyake ndivyo vinavyotuhusu zaidi. Gari la miaka ya mwanzo lilikuwa na urefu wa karibu meta 2.7 na upana wa karibu meta 1.17. Toka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma ilikuwa meta 1.9. Gurudumu la kushoto na la kulia yaliachana kwa meta 1 tu. Uzito wake ulikuwa takriban kilo 360. Injini ilikuwa na ujazo wa sentimeta za ujazo 696 mwanzoni, kisha 747. Hata hivyo lilikuwa na breki katika magurudumu yote manne, ingawa za mbele zilivutwa kwa mkono na za nyuma zilikanyagwa kwa mguu. Magari kama 290,000 yalitengenezwa hadi mwaka 1939. Wajerumani walilitengeneza kwa kibali kwa jina la Dixi, na kampuni ya BMW ilipokinunua kiwanda hicho mwaka 1928 gari hilo likawa gari lake la kwanza.

Leo Austin 7 ni miongoni mwa magari yanayoonekana mara kwa mara katika makumbusho ya magari ya Uingereza. Makumbusho yajulikanayo zaidi ni yale ya Beaulieu, kusini mwa nchi hiyo. Yalianzishwa mwaka 1952 na Lord Montagu kwa magari matano tu, yaliyowekwa katika ukumbi wa nyumba yake kwa kumbukumbu ya baba yake, na mwaka 1972 yakahamia katika jengo kubwa yakiwa Makumbusho ya Taifa ya Magari. Sasa yana magari na pikipiki zaidi ya 250.

SWALI KABLA YA KAMERA

Tuseme basi kwamba mwalimu amepata nafasi ya kuingia katika makumbusho ya namna hiyo, ana kamera au simu yenye kamera, na gari liko mbele yake. Jambo la kwanza analopaswa kulitoa mfukoni si kamera bali ni kalamu. Aandike swali ambalo anataka watoto walijibu kwa kuitazama picha. Si maelezo atakayowapa yeye, bali swali watakalolijibu wao.

Swali likiwa ni "Gari hili lilikuwa na ukubwa gani?", picha itapigwa kwa namna moja. Likiwa ni "Dereva alifanya nini ili kulisimamisha?", kamera itaelekezwa kwenye pedali na wenzo wa breki, na ukubwa wa gari hautakuwa na maana. Likiwa ni "Watoto walikaa wapi?", mpiga picha atainuka ili kuonyesha viti viwili vidogo vya nyuma. Hakuna picha moja inayojibu maswali yote matatu. Mwalimu anayepiga picha bila swali hurudi na picha nyingi nzuri za kuweka ukutani, na asiwe nayo hata moja ya kufundishia.

Katika makala haya swali letu ni lile la kwanza.

KUIPIGA PICHA

Tukumbuke kwanza kwamba kila makumbusho yana sheria zake. Mengine huruhusu picha lakini hukataza taa ya kamera au stendi ya miguu mitatu. Mengine hutaka mgeni aombe ruhusa ofisini. Mwalimu aulize mlangoni. Kamba iliyozungushwa gari isivukwe, wala gari lisiguswe. Rangi iliyodumu karibu miaka 100 huharibiwa na vidole vya wageni wanaogusa mara moja moja tu.

(a) Mwanga

Ndani ya makumbusho mwanga huwa hafifu, nao hutoka juu. Madigadi meusi humeza mwanga, ilhali rejeta na taa zilizopakwa nikeli huurudisha wote. Taa ya kamera haisaidii, kwa maana huacha doa jeupe juu ya boneti na kivuli kizito nyuma ya gari. Yafaa kuizima. Mpiga picha aegemee nguzo au ukuta, abane viwiko mbavuni, avute pumzi na kuishikilia, kisha abonyeze taratibu. Apige picha tatu: moja ya mwanga ambao kamera imeuchagua yenyewe, moja yenye mwanga zaidi ili spoku na madigadi vionekane, na moja yenye mwanga pungufu ili rejeta isiungue kwa weupe. Ataamua baadaye ipi inafaa.

Ajitazame pia ndani ya rejeta. Mara nyingi sura ya mpiga picha na kamera yake huonekana humo, na watoto wakimgundua hawatatazama kitu kingine. Hatua moja kulia au kushoto yatosha kuiondoa.

(b) Umbali

Hapa ndipo kosa kubwa huanzia. Kwa kuwa gari ni dogo na kamba iko karibu, mgeni husogea mpaka gari likajaa katika kioo cha kamera, naye hufurahi kwamba limetokea vizuri. Tutazame yanayotokea. Akisimama meta 1 mbele ya pua ya gari, mwisho wa gari uko meta 3.7 toka kwake. Vitu viwili vyenye ukubwa sawa, kimoja mbele na kimoja nyuma, vitaonekana kana kwamba cha mbele ni kikubwa mara 3.7 kuliko cha nyuma. Taa za mbele zitatuna kama macho ya chura na mkia wa gari utanywea. Pua ile kubwa ndiyo itakayobaki akilini mwa mtoto, naye ataliona gari kuwa kubwa na refu.

Akirudi nyuma mpaka meta 6, mwisho wa gari utakuwa meta 8.7 toka kwake, na tofauti itashuka hadi mara 1.45 tu. Hapo gari litaonekana kwa umbo lake linalokaribia ukweli. Kama linatokea dogo mno, na atumie lenzi ndefu, au akate kingo za picha baadaye, lakini miguu yake ibaki pale pale. Kinachogeuza umbo la gari ni mahali aliposimama mpiga picha, si lenzi.

Kwa swali letu, mahali pazuri zaidi ni ubavuni, kamera ikilitazama gari katikati kwa pembemraba. Picha ya ubavuni haipendezi kama ile ya kona, lakini ndiyo inayopimika kwa rula.

(c) Kimo cha jicho

Mtu mzima aliyesimama huliangalia Austin 7 kutoka juu, na picha yake hulionyesha gari kama kitu cha kuchezea. Akipiga goti na kuiweka kamera karibu na sakafu, gari lile lile litasimama mbele yake kama lori. Picha ya kwanza imetia chumvi katika udogo, na ya pili imeuficha. Wapigapicha wa matangazo ya biashara wanazifahamu sana hila hizi mbili, na mwalimu hana budi kuzifahamu ili asizitumie bila kukusudia.

Kwa somo la watoto yafaa kamera iwekwe katika kimo cha macho ya mtoto wa shule ya msingi, yaani meta 1.1 au 1.2 hivi. Mtoto ataliona gari kama ambavyo angeliona yeye mwenyewe angesimama pale.

(d) Kipimo

Hata mwalimu akiyatimiza yote yaliyotajwa, udogo wa gari bado haumo pichani. Gari liko peke yake juu ya sakafu laini, na hakuna kinachomwambia mtoto kama lina urefu wa meta 2 au meta 5. Ni lazima kiwepo kitu cha kulinganisha, na kitu hicho mtoto awe anakijua.

Walimu wengi hufikiria rula ya meta moja, nao wana haki. Lakini rula ina mtego wake. Tuseme gari liko nyuma ya kamba, meta 4.5 toka kwenye kamera, na mwalimu, kwa kuitii sheria, ameilaza rula upande huu wa kamba, meta 3 toka kwenye kamera. Rula iliyo karibu itaonekana ndefu mara 1.5 kuliko inavyostahili ikilinganishwa na gari. Mtoto atapima kwa uangalifu, atagawanya bila kukosea, na atapata kwamba gari lina urefu wa meta 1.8. Hesabu yake ni sahihi kabisa, lakini jibu lake ni la uongo, na aliyelitia uongo huo ni mwalimu.

Kanuni ni hii: kipimo na kitu kinachopimwa viwe katika umbali ule ule toka kwenye kamera. Kama haiwezekani kuiweka rula ndani ya kamba, mwalimu amwombe mlinzi wa makumbusho asimame kando ya gari, mbele ya pua yake au nyuma ya mkia, si upande wa kamera. Aidha amuulize kimo chake na kukiandika. Mtu ni kipimo kizuri kuliko rula kwa watoto wadogo, kwa kuwa kila mtoto anajua mtu mzima ana ukubwa gani. Gari ambalo dari lake ni turubali la kukunja, na ambalo mtu aliyesimama huliona kutoka juu bila kuinuka, limekwisha kujieleza.

Na kama hata mlinzi hapatikani, kuna njia ya tatu. Mwalimu anakili vipimo vya gari kutoka kwenye kibao cha maelezo au katika kitabu, kisha avitumie kuipimia picha akiwa nyumbani, kama itakavyoelezwa hapa chini.

KUTOKA PICHANI HADI UBAONI

Tuseme picha ya ubavuni imechapishwa, na kwa rula umbali kati ya vitovu vya magurudumu mawili ni sentimeta 9.5. Tunajua kwamba katika gari lenyewe umbali huo ni sentimeta 190. Tukigawanya 190 kwa 9.5 tunapata 20. Kwa hiyo skeli ya picha ni 1:20. Urefu wote wa gari pichani ukiwa sentimeta 13.5, gari lenyewe lina sentimeta 270, yaani meta 2.7. Skeli hiyo iandikwe chini ya picha kwa wino. Bila skeli hiyo picha haitoshi kufundishia ukubwa.

Inafaa kutahadharisha kwamba skeli hiyo ni ya ubavu wa gari unaotazama kamera. Gurudumu la upande wa pili, lililo mbali zaidi, lina skeli yake nyingine. Mtoto asiruhusiwe kulipima.

Darasa lenye watoto 60 haliwezi kuiona picha ya sentimeta 13.5 toka dawati la nyuma. Kama hakuna uwezo wa kuchapisha nakala za kutosha kwa kila kikundi, mwalimu aikuze ubaoni kwa njia ya miraba. Achore miraba ya sentimeta 1 juu ya picha na miraba ya sentimeta 10 ubaoni, kisha ahamishe mistari mraba kwa mraba. Gari la ubaoni litakuwa na urefu wa sentimeta 135, ambayo ni nusu kamili ya gari lenyewe.

MFANO WA SOMO

Darasa: la V. Muda: vipindi viwili vya dakika 40, vinavyofuatana.

Madhumuni: Mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze (i) kueleza kwa nini picha peke yake haitoshi kujulisha ukubwa wa kitu, (ii) kutumia skeli kupata urefu wa kweli, (iii) kutaja sababu moja iliyofanya gari hili litengenezwe dogo.

Zana: Picha A (gari peke yake, kutoka chini), picha B (gari kutoka ubavuni, pamoja na mtu aliyesimama, skeli imeandikwa), kamba, mambo manne za kupigia ardhini, majivu, rula ya meta.

Hatua ya 1 (dakika 10). Mwalimu aonyeshe picha A na kutoa agizo moja tu: kila mwanafunzi aandike katika daftari anadhani gari hili lina urefu wa meta ngapi. Asisaidie, asisahihishe. Majibu machache yaandikwe ubaoni, dogo kuliko yote na kubwa kuliko yote yakiwemo. Mwalimu asiogope majibu yakitofautiana sana. Kutofautiana huko ndiko mwanzo wa somo.

Hatua ya 2 (dakika 20). Waonyeshwe picha B. Wajadiliane katika vikundi: Ni kitu gani kipya kinachotusaidia? Kisha wapime na kuhesabu kwa skeli. Walinganishe jibu na makisio yao ya kwanza. Wapime pia urefu wa boneti, ili wajue injini ilichukua sehemu gani ya gari.

Hatua ya 3 (dakika 30). Darasa zima litoke uwanjani. Wapige mambo na kuchora kwa majivu mstatili wa meta 2.7 kwa meta 1.17. Ili wahakikishe kwamba pembe zake ni pembemraba, wapime mistari miwili ya ulalo. Kila mmoja uwe karibu meta 2.94, na ilingane. Wagawe sehemu ya boneti kwa mstari. Kisha wanafunzi wawili waketi mahali pa watu wazima na wawili nyuma yao. Wenzao wasimame pembeni na kutazama.

Hatua hii haipaswi kuachwa kwa kisingizio cha muda. Wanafunzi wanne wakiwa wamebanana ndani ya mstatili wa majivu, magoti yakigusa migongo, neno "dogo" linapata maana ambayo picha yoyote ile isingeweza kuitoa. Shule iliyo mjini inaweza kuongeza zoezi jingine: kuomba ruhusa ya kuipima bajaji iliyoegeshwa, na kuuchora mstatili wake kando ya ule wa kwanza kwa majivu. Watoto wajionee wenyewe jinsi inavyolingana na gari la familia ya Kiingereza ya mwaka 1922.

Hatua ya 4 (dakika 20). Warudi darasani. Mwalimu aeleze habari ya kodi na ya pikipiki zenye vigari. Aulize: Kama kodi ingelipwa kwa uzito badala ya upana wa silinda, je, gari lingefanana na hili? Wenye uwezo wahesabu nguvu ya farasi kwa kanuni iliyotajwa, wakitumia silinda 4 za kipenyo cha inchi 2.2. Jibu ni 7.744.

Tathmini: Kila mwanafunzi achore kitu kimoja cha nyumbani ambacho mwalimu hajakiona, na atie ndani ya mchoro kitu cha kulinganishia. Mchoro usio na kipimo urudishwe kwa mwenyewe.

KWA WASIOWEZA KUFIKA MBALI

Mwanachuo anaweza kusema kwamba makumbusho ya magari ya Uingereza yako mbali, na ni kweli. Lakini njia iliyoelezwa haihitaji gari la Kiingereza wala safari ya ndege. Katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam limehifadhiwa gari aina ya Rolls-Royce lililotumiwa na watawala wa Kiingereza na baadaye na Mwalimu Julius Nyerere. Taabu ya hapo ni kinyume cha ile tuliyoizungumza: gari ni kubwa, na picha iliyopigwa kutoka juu au kutoka mbali bila kipimo italifanya dogo. Dawa ni ile ile. Na aliye mbali na Dar es Salaam anao mtumbwi, kinu, trekta bovu la kijiji, au mtambo wa zamani wa kukamulia mafuta. Chochote kile ambacho watoto wa sehemu nyingine hawajakiona chafaa kupigiwa picha na kubadilishana na chuo au shule ya mkoa mwingine.

HITIMISHO

Mwalimu mwanafunzi anapokwenda mazoezini, mara nyingi hupimwa kwa wingi wa zana alizobeba. Ni vizuri zaidi ajipime mwenyewe kwa ukweli wa zana hizo. Picha moja iliyopigwa kwa swali maalumu, kutoka umbali unaofaa, katika kimo cha macho ya mtoto, ikiwa na kipimo mahali pake na skeli chini yake, hufundisha zaidi ya picha 20 zilizokusanywa kwa sababu zinapendeza. Mtoto hana njia ya kwenda Longbridge wala Beaulieu kuhakikisha tulichomwambia. Kwa sababu hiyo hasa tunawajibika kukihakikisha sisi kabla hatujamwonyesha.

MASWALI NA ZOEZI

1. Chukua picha yoyote katika kitabu cha kiada cha Sayansi au Maarifa ya Jamii. Je, mtoto asiyekijua kitu hicho anaweza kuujua ukubwa wake? Kama hawezi, ungeongeza nini?

2. Kamera iko meta 2 toka kwenye rula na meta 5 toka kwenye mtumbwi wenye urefu wa meta 6. Mtoto akiitumia rula hiyo atapata urefu gani? Eleza jinsi ya kurekebisha.

3. Piga picha tatu za kitu kimoja kikubwa kilichopo chuoni: kutoka juu, kutoka chini, na katika kimo cha macho ya mtoto. Waonyeshe wanafunzi watatu wasiokijua, kila mmoja picha moja, na uandike makisio yao ya ukubwa. Jadili tofauti utakazoziona.

4. Tayarisha andalio la somo la vipindi viwili kwa kufuata hatua nne zilizotolewa, ukitumia kitu cha mahali unapotoka.